Moja ni kwa Muda, Nne ni Milele

Mama mkwe wangu ananiita "mkwe" akiwa na furaha na "wewe" siku nyingine zote. Siku hiyo nilikuwa "wewe" tangu mlangoni, kwa sababu nilikuja na bisibisi, na yeye cherehani yake ya kutarizi hapendi hata ikoholewe.

Ni cherehani ya kompyuta, kubwa, imejaza nusu ya sebule. Ndani yake mna maua mia mbili na tisa yaliyochorwa na marehemu baba mkwe, kwa subira ambayo sijui aliitoa wapi, maana katika nyumba ile subira haijawahi kutosha watu wawili. Yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Kila umeme ulipokatika mashine ikiwa inahifadhi kitu, ua moja lilikwenda na maji, na matano yalishakwenda hivyo. La mwisho mzee aliliacha nusu siku aliyolazwa, na mama alikuwa akilimalizia mwenyewe kwenye mashine: anaongeza petali leo, anaifuta kesho, anaanza upya.

"Ndiyo niliyobakiwa nayo hayo," aliniambia. "Ukiyapoteza, usikanyage hapa hata kwenye mazishi yangu."

Nikamwambia aondoe shaka. Nilikuja kuyanakili ili yasipotee tena, hiyo ndiyo kazi yangu, na nilimweleza kwa madaha yote ya mtu anayesikilizwa na mkwewe kwa mara ya kwanza. Kumbukumbu ya mashine ile ni kidude cheusi kidogo kuliko ukucha, kimechomelewa kwenye bodi, hakitoki. Ndani yake mna rejista, yaani vijisanduku vyenye namba, na lolote utakaloandika humo ndilo kidude kitatii. Unachomeka waya, unafungua skrini nyeusi kwenye laptop, unaandika mstari mmoja wa amri, basi. Rejista namba 171 ni ya kufuli. Ukiandika moja, kumbukumbu inajifunga, haiandikiki kitu mpaka mashine izimwe. Ukiandika nne, inajifunga milele, na hata waliokitengeneza kidude hawana ufunguo. Mimi nilitaka moja, ili umeme ukikatika katikati ya kazi usile ua jingine. Nifunge, ninakili maua yote, nizime, niwashe, mama aendelee na petali zake.

"Umeelewa, mama?"

"Nimeelewa kwamba unaongea sana."

Sasa, wiki nzima kabla ya hapo nilikuwa nafunga mizani za sokoni ili wauzaji wasizichezee. Mizani arobaini, na zile hufungwa milele, ndiyo maana yake. Unachomeka waya, unabonyeza mshale wa juu, amri ya mwisho inajirudia yenyewe, unabonyeza Enta, unavuta nyingine. Ukifanya hivyo mara arobaini, vidole vinaacha kuomba ruhusa kichwani.

Nikachomeka. Mama alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Nilitaka aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa hivi hivi. Nikabonyeza mshale, nikabonyeza Enta, huku nikimtazama yeye badala ya skrini.

Nilipogeuka kusoma, mwisho wa mstari palikuwa na nne.

Nikazima mashine, nikawasha, nikaandika sifuri ili ifunguke. Ikakataa. Nikaandika tena, kama mtu anayejaribu ufunguo uleule kwenye mlango uleule. Ikakataa. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

"Mbona unatoka jasho na feni inazunguka?"

Uongo nilikuwa nao tayari, tena mzuri, wa kuusingizia umeme, kwa kuwa umeme haujitetei. Lakini niliona aibu. Nikamweleza yote, mpaka mizani.

"Yamepotea?"

"Hata moja. Hayatapotea kamwe. Ila hayabadiliki tena, mama. Lile la mwisho litabaki nusu."

"Si ulisema utayanakili? Limalizie kwenye nakala, ulirudishe."

"Mashine hii haisomi kumbukumbu nyingine isipokuwa iliyozaliwa nayo."

Akakaa. Sijawahi kumwona akikaa bila kumkemea mtu, na nikatamani anikemee. Nikaropoka, "Majuto ni mjukuu."

"Hata huyo mjukuu hujaniletea."

Nikafyata mkia. Yeye akaigeukia mashine.

"Baba yenu hakuwahi kumaliza kitu," akasema. "Banda la kuku halina paa. Ukuta wa nyuma una rangi mpaka alipofika mkono. Mwaka mzima nahangaika kummalizia ua moja tu, na sasa wewe umempa ruhusa ya milele."

Akasimama, akabana kitambaa cheupe kwenye fremu, akachagua ua la mwisho, akawasha. Sindano ikakimbia: shina, jani, petali tatu. Ikasimama, mashine ikalia kwa furaha kutangaza kwamba kazi imekamilika.

Mama akatoa kitambaa, akatunga uzi kwenye sindano ya mkono, akanitupia vyote mapajani.

"Nusu iliyobaki utashona wewe."

"Mama, mimi sijui kushona."

"Na kusoma kabla ya kubonyeza, si ulisema unajua?"

Nikaanza. Mshono wa tatu nikajidunga kidole, tone la damu likaingia kwenye kitambaa. Nilijua sasa nitapewa zangu. Badala yake akacheka. Akasema mzee naye alikuwa akijidunga kidole kilekile, kila mara, na kila mara anaapa ni sindano iliyomwanza. Akacheka mpaka kicheko kikageuka, akalia, akajifuta kwa ncha ya khanga bila kujificha. Mimi nikainama nikaharakisha sindano, maana sikujua nitazame wapi.

Akaushika mkono wangu, akausogeza.

"Si hapo," akasema. "Anzia alipoishia yeye."