Asali Iliyogeuka Nyekundu

Mwalimu Theopista alifundisha kemia katika sekondari moja ya Nsemulwa, mjini Mpanda. Siku Mwalimu Nashon alipolalamika ofisini kwamba asali wanayouziwa imetiwa sukari, Theopista ndiye aliyesema, "Leteni niipime."

Muuzaji mwenyewe, Lucia, alikuwepo na ndoo zake. Ni mama wa makamo kutoka Inyonga. Mumewe hurina asali porini, yeye huileta Mpanda kwa basi. Aliambiwa asubiri, akakaa kwenye ukingo wa benchi.

Theopista alileta testyubu, taa ya spiriti na chupa ya Benedikti, kitendanishi cha bluu cha kutafutia sukari. Akakichanganya na asali kidogo na maji, akapasha moto. Bluu ikawa kijani, ikawa njano, mwisho ikatulia kwenye wekundu wa tofali. Walimu walisogea kutazama.

"Sukari hiyo," akasema kwa sauti yake ya darasani.

"Mwanangu," Lucia akamjibu, "sukari ya chai tu naikosa. Ya kutia kwenye asali nitaitoa wapi?"

"Dawa haidanganyi, mama."

Lucia alifunika ndoo zake, akatoka bila kuaga. Kabla hajafika stendi anakouzia, habari zilikuwa zimemtangulia.

Wiki iliyofuata Theopista alikuwa na kidato cha sita, somo la aldehaidi. Ili waone kwamba sukari zote hazifanani, alitia Benedikti kwenye testyubu mbili, moja ya glukosi, nyingine ya sukari ya dukani. Ya glukosi ikawa nyekundu. Ya sukari ikachemka na kubaki bluu vilevile.

Aliendelea kuishika ile ya bluu huku wanafunzi wakiandika. Glukosi huibadilisha shaba iliyomo kwenye dawa, na shaba hiyo ndiyo inayotua chini ikiwa nyekundu. Sukari ya dukani haina uwezo huo mpaka kwanza ichemshwe na asidi, ivunjike. Na asali ya nyuki imejaa glukosi. Hata iliyo safi kuliko zote lazima igeuke nyekundu.

Hayo aliyajua tangu chuo. Hakuwa ameyasahau, ila siku ile hakufikiri. Watu walikuwa wakimtazama, naye alipenda kutazamwa. Uso ulimwaka, akawageuzia wanafunzi mgongo akijifanya anafuta ubao.

Saa ya chai aliwaambia wenzake. Nashon alicheka kidogo. "Lakini mwalimu, mbona tuliona kwa macho?" Theopista alipomaliza kueleza, nusu yao walikuwa wamerudi kwenye simu zao.

Jioni akaenda stendi. Lucia alikuwa amekaa, chupa zake zimepangwa, hakuna mteja.

"Nilikosea, mama. Nisamehe. Ile rangi haikuonyesha kitu."

Lucia alisogeza chupa moja mstarini. "Ulinisema mbele za watu. Unaniomba radhi chini chini?"

Ilikuwa kweli. Theopista akasimama kando ya chupa na kupaza sauti. Akasema yeye ni mwalimu wa kemia, kwamba alimsingizia mama huyu, kwamba kipimo chake hakikuwa na maana. Watu walisogea. Dada mmoja mwenye kapu akauliza, "Kwa hiyo ina sukari au haina?"

"Ina sukari, ila ni ya nyuki wenyewe. Asali yoyote inayo. Ya dukani ndiyo siwezi kusema kwa kipimo kile kama imo au..."

"Mnaona, hata mwenyewe hajui," mtu akasema, na watu wakaanza kutawanyika. Dada wa kapu alirudisha chupa aliyokuwa ameishika.

Theopista alifungua mdomo tena. Lucia akamgusa mkono.

"Inatosha, mwalimu. Unanifukuzia wateja."

Hakuyasema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Theopista aliomba auziwe chupa moja. Lucia akakataa, akawa anaifuta vumbi kwa kanga yake, mpaka mwalimu alipoelewa kwamba anasubiriwa aondoke.