Chupa za Nzi Madirishani

Binti yangu alijifungua, akatoka hospitali, akaenda kwa wakwe zake. Nilidhani ni kwa sababu kwao ni karibu na hospitali. Baadaye akaja kwetu peke yake, mikono mitupu, akaketi, akapewa chai. Nzi mmoja akatua kwenye ukingo wa kikombe. Wa pili hakupoteza muda, akatumbukia ndani.

Binti akakisogeza kikombe pembeni. "Baba, mtoto simleti hapa."

"Nzi hawali mtu."

"Wanatoka chooni, halafu waje wamkanyage mwanangu usoni? Wakiisha, mtaniita."

Mama yake alimsindikiza hadi barabarani, akarudi amenuna. Yule ni mjukuu wetu wa kwanza, na sikuwa nimemwona zaidi ya picha kwenye simu. Huko kwa wakwe kuna babu mwingine. Habari zilinifikia kwamba anambeba asubuhi, anambeba jioni, na mtoto akisikia sauti yake ananyamaza. Mtoto wa umri ule hachagui. Anayembeba ndiye babu. Mwingine anabaki mtu anayekuja na matunda.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nafanyia kazi uani, nyuma ya nyumba yangu: mageti, milango, fremu za madirisha.

"Weka wavu," mke wangu akasema. "Mji mzima umeweka wavu, sisi huku tunapunga hewa kwa sahani."

"Wavu ni kujifungia. Nyumba ni yangu, nijifungie kwa ajili ya nzi?"

"Basi wafukuze kwa maneno. Unayo mengi."

Sikufukuza. Nilitega. Unachukua chupa ya plastiki, unakata shingo, unaigeuza kichwa chini ndani ya chupa yenyewe, inakuwa kama faneli. Chini unaweka matumbo ya samaki na maji kidogo. Nzi anaingia kufuata harufu, kutoka hajui. Nilifunga waya safi kwenye kila chupa, nikaning'iniza moja kila dirisha, na mlango wa jikoni nikaupa mbili. Nilitaka ziwe karibu ili nione kazi inavyokwenda.

Kazi ilikwenda. Kufikia jioni chupa ya jikoni ilikuwa nyeusi nusu nzima. Nilimwita mke wangu aje aone.

"Naona," akasema, akiwa ameziba pua na ncha ya gauni. "Na hawa waliokaa ukutani wanasubiri zamu?"

Nikamwambia vita havishindwi siku moja. Nikaongeza chupa.

Jirani yetu ni mama mmoja fundi cherehani. Ukuta wake umeshikana na wangu. Alikuja akasimama chini ya dirisha, akaziangalia chupa kwa heshima kabisa.

"Shemeji, mkono wako una baraka. Kwangu wameisha. Jana nimekunywa uji bila kufunika bakuli."

"Nashukuru," nikasema.

"Usiache. Ukipungukiwa matumbo ya samaki niambie, mimi nitakuletea."

Na kweli alileta. Alileta kwenye ndoo, yamekwisha chacha, tena bila kuombwa. Nilimwona mama mwema. Mke wangu alimwangalia akiondoka, akaniangalia na mimi, akaingia ndani bila kusema kitu. Kwa mke wangu hiyo ni hotuba ndefu.

Nzi wakazidi. Sasa walikuwa hadi kwenye mswaki. Tulikula tukizungumza bila kufungua meno. Binti alipopiga simu kuuliza hali, mama yake alisogeza simu hewani, akamwacha asikilize. Binti akakata.

Kisha waya wa chupa moja ukalegea. Nikaibeba hadi kwenye meza yangu ya kazi kule mwisho wa ua, nikaanza kuukaza, mteja akaniita getini kupima mlango, nikaisahau. Niliporudi sikuweza kuiona meza. Nzi walikuwa juu ya nyundo, juu ya koleo, juu ya miwani yangu ya kuchomelea. Nikatazama dirisha nilikoitoa chupa ile. Kulikuwa na nzi watatu, nao walionekana kama wanaaga.

Nikakaa juu ya kipande cha chuma nikafikiri. Haikuchukua muda, jambo lenyewe ni dogo. Nilikuwa nimewapikia nzi wa mtaa mzima, nikawawekea chakula madirishani, halafu nikashangaa mbona wageni hawaishi. Wachache walinaswa. Waliobaki walipumzika nyumbani kwangu.

Mke wangu sikumwambia. Nikazitoa chupa zote kimyakimya, nikazitundika mbali, kwenye ukuta wa mwisho wa ua, upande wa jirani. Shimo la taka nikalitengenezea mfuniko wa chuma unaoshika vizuri. Banda la kuku nikalikwangua hadi udongo mkavu. Madirisha nikayawekea wavu, kwa sababu kulikuwa na kipande kimebaki.

"Umeweka wavu," mke wangu akasema.

"Kilikuwa kimebaki."

"Kipande kilichobaki kimeenea nyumba nzima?"

"Kilikuwa kikubwa."

Fundi cherehani akaja, safari hii bila ndoo. "Shemeji, nzi wamejaa kwangu! Wanatua hadi kwenye gauni la bibi harusi!"

"Ni wako, jirani. Nimekurudishia." Kisha nikaenda nikamkwangulia banda lake na kulifunika shimo lake, maana chupa zilikuwa upande wake na mama yule ana mdomo.

Tukampigia binti. Akaja na mtoto amefunikwa shuka jepesi, akasimama mlangoni akikagua dari, kuta, vikombe. Akaingia. Nikaja mbio kutoka uani, mikono mbele.

"Simama hapo hapo, baba."

Nilikuwa nimetoka kubadilisha maji ya chupa. Nzi kama sita walikuwa wamenisindikiza hadi mlangoni.

Nikaoga. Binti akaninusa shingoni, akasema bado. Nikaoga tena, na nguo mke wangu akazitoa nje kwa kijiti. Safari ya pili binti alininusa kama mtu anayenusa maziwa ya jana, akafikiri, akasema, "Kaa."

Akanipa. Mzito kuliko picha. Alifungua jicho moja, akanitazama kama mteja aliyeambiwa bei, akalifumba.

"Tutakaa mpaka akaze shingo," binti akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo nzi mmoja, sijui alipitia wapi, akatua kwenye shuka, karibu kabisa na mdomo wa mtoto. Mke wangu akaganda. Mikono yangu yote miwili ilikuwa na kazi. Binti akamtazama nzi, akanitazama mimi.

"Mama," akasema, "mfukuze huyo. Baba amebeba mtoto."