Jiwe la Ngazi ya Nne

...ndilo lipi sasa, kaka, dada yake alikuwa anauliza, mara ya pili hiyo, na yeye akajifanya anamsikiliza yule mwanamke wa kipaza sauti anayewaeleza wageni kwamba kuba lina urefu wa mita arobaini, kwamba marumaru yote ya kaburi la Mwasisi, sakafu na ngazi, ililazwa kwa mkono, mikono ya nani hakusema, na angesemaje, haimo kwenye karatasi yake... foleni imesimama, mbele yao watu thelathini na ushee, kisha ngazi nane, ya nne ile pale, usiitazame, tazama askari, tazama kamba nyekundu, lakini macho hayana adabu, yamekwenda yenyewe, na kweli walilibadilisha jiwe, jeupe kuliko wenzake, limekaa pale kama jino la bandia. Viatu hivi vitaniua kabla sijamfikia Mwasisi, alisema dada, akamgeukia askari mwenye glavu nyeupe, wee mwanangu, hata kukohoa huruhusiwi? Askari hakucheka, dada akacheka kwa niaba yake, ndivyo alivyo huyu mdogo wake, tangu utotoni, hata msibani mwa mumewe mwaka jana alipata la kuwachekesha watu, halafu akaingia ndani akalia peke yake mpaka sauti ikamkauka, na yeye kaka mtu alikuwa nje ya mlango anasikia, masikio haya, masikio haya yaliyosifiwa mradi mzima...

Kazi yake ilikuwa kugonga. Wengine walilaza mawe, yeye alipita nyuma yao na mpini wa nyundo, gonga, sikiliza, gonga, sikiliza, jiwe lililoshiba saruji linalia ti, lenye njaa linalia bo, lenye njaa ling'olewe lilazwe upya, lililoshiba lipigwe alama ya chaki, na chaki ilikuwa yake peke yake, hata injinia hakuishika, na siku ile ya mwisho, kesho yake uzinduzi, shemeji yake, mume wa dada, alikuwa amepiga magoti pale ngazi ya nne, jasho linamdondoka puani, akasema, shemeji, hili ligonge vizuri, saruji ilishaanza kunikaukia, ukisikia lolote nalitoa, hata gari likituacha. Gari lilikuwa linapiga honi getini. Miguu ilikuwa inamuuma, wiki nzima hajaoga maji ya moto, na kulitoa jiwe ni saa mbili, na honi, na wenzao wanapiga kelele, njooni bwana... akagonga. Bo. Hakukosea kusikia, asijidanganye, miaka ishirini na mbili amejaribu kujidanganya kwamba honi ilimziba, hapana, alisikia bo kama anavyosikia sasa kisigino cha dada kinavyogonga sakafu, kisha akachora chaki. Limeshiba, shemeji. Na shemeji akafuta jasho, akasema, Mungu mkubwa.

Wageni wapya wanaombwa wasipige picha, alisema mwanamke wa kipaza sauti, lakini siku ile kamera zilikuwa kibao, mgeni rasmi na shada lake la maua, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mguu ukatua juu ya ya nne, jiwe likacheza, na mtu mzima yule, loo, goti chini, shada kule, na taifa zima linatazama. Jioni hiyohiyo wote wawili walikuwa mbele ya afande. Hujuma, walisema. Akaulizwa yeye wa chaki, akajibu, nilipogonga lilikuwa limeshiba, afande, na angenyamaza hapo ingekuwa afadhali, lakini woga una mdomo mrefu, akaongeza, labda aliligusa baadaye. Maneno matatu. Shemeji alimtazama, hakumtazama kwa hasira, hilo ndilo linalomla mpaka leo, akasema, jiwe ni langu, afande, nimelilaza mimi. Jela miezi kumi na minne. Akatoka, hakuna aliyempa kazi ya fundi tena, akawa anatengeneza mabanda ya kuku, na mtaani wakamwita Mwangusha Wakubwa, watoto wake wakaitwa hivyo shuleni, na siku moja mezani, yeye mwenyewe kaka akiwa amealikwa, dada alimpasukia mumewe mbele ya sahani, ungelilaza lile jiwe sawasawa tungekuwa wapi leo, na shemeji akaendelea kula tu, hata hakuinua macho, na yeye je, yeye alifanya nini, aliomba chumvi. Aliomba chumvi! Alijiambia ananyamaza ili dada asikose kaka, maana baba na mama walishakwenda, akaligeuza lile kuwa wema, akalala nalo kama wema...

Kaka, unaumwa? Uso umekushuka. Hapana, uchovu tu. Basi nikwambie, alisema dada, sikukuambia nyumbani kwa sababu ungenicheka, unajua nimekuja kufanya nini hapa? Mwasisi mimi simjui. Nimekuja kumsamehe baba watoto. Nimemwekea kinyongo miaka yote hii, amekufa hajasikia neno zuri kutoka kwangu juu ya kazi yake, nataka nikanyage pale alipokosea nimwambie yameisha, nimekusamehe, lala. Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akajaribu kutabasamu, ni upuuzi, eti?

Foleni haijasogea. Watu wale wale, askari yule yule, kamba ile ile, na kaka mtu akajua hawezi tena, maana kunyamaza miaka ishirini na mbili ni jambo moja, lakini kusimama kando ya mdogo wako akimpelekea marehemu msamaha wa kosa lako, hilo ni kumfunga mtu mara ya pili, huko aliko, na safari hii hakuna afande wa kumsingizia. Atakosa kaka, ni kweli. Atampata mumewe.

Usimsamehe, alisema.

Dada aligeuka. Unasemaje?

Usimsamehe mumeo. Alinionya.