Ini Jeupe la Mjomba

Kwa heshima na taadhima, na mbele ya yeyote anayejua kusoma, natangaza kwamba mimi, binti wa kidato cha tatu na mlezi wa nidhamu wa bweni zima la wasichana, nimetoa mchango wangu katika taaluma ya tiba. Mchango wenyewe ni kuzungusha kitufe kimoja, nusu duara, kuelekea kulia. Na huo ulezi wa nidhamu nimeutunga sasa hivi. Bwenini nafahamika kwa kutia chumvi kwenye bakuli la sukari la matroni.

Ilikuwa Jumatatu ya wiki ya kwanza ya likizo. Mjomba wangu, fundi cherehani, alikuwa akilalamikia uzito chini ya mbavu za kulia, na daktari akamwandikia kipimo cha altrasaundi ya tumbo. Mjomba anaogopa hospitali kuliko mtoto anavyoogopa sindano, kwa hiyo nikatumwa nimsindikize. Alitakiwa aende bila kula. Njaa ikamfanya mkali, na ukali wote ukaishia kwenye ripoti yangu ya shule.

"Hisabati thelathini na moja! Hata anayejibu kwa kubahatisha anapata zaidi."

"Mjomba, mtihani ulikuwa mgumu."

"Subiri uone ini langu. Hilo ndilo lenye alama za juu katika ukoo huu. Mwaka na nusu, hata tone."

Hapo kwenye tone hakuwa anatania. Mjomba alikuwa mlevi wa kuokotwa mtaroni. Mkewe, ninayemwita Anti, aliwahi kuchukua watoto akaondoka, na alirudi kwa sharti moja: siku Mjomba akionja tena, wanaondoka moja kwa moja.

Chumba cha kipimo kilikuwa na pazia zito, kitanda chembamba na mashine yenye skrini. Mkuu wake anaitwa Mama Giza, maana amefanya kazi humo miaka ishirini taa ikiwa imezimwa. Kila asubuhi huipanga mashine mwenyewe, kisha hubandika plasta juu ya kitufe cha kuongeza mwangaza wa picha na kuandika juu yake: MARUFUKU. Wote humo wanaiamini plasta ile. Ikiwa mahali pake, hakuna anayejisumbua kukagua kilicho chini yake.

Siku hiyo Mama Giza alikuwa kikaoni. Tulipokewa na mpimaji mpya, dada mwenye sauti ndogo, wiki yake ya pili kazini. Akamlaza Mjomba, akatueleza vizuri tu: ini lenye afya huonekana la kijivu, lakini likijaa mafuta hurudisha mawimbi mengi ya sauti, na kwenye skrini huwa jeupe. Kisha akaminya chupa ya jeli, ikatoa pumzi tu.

"Samahani baba, nafuata nyingine."

Akatoka. Mjomba alikuwa amefumba macho, tumbo wazi, akiomba dua za dhati kuliko nilizowahi kumsikia. Mimi nikamwangalia bingwa wa alama za juu. Nikainua plasta, nikazungusha, nikaibandika tena. Nilitaka aone ini lake jeupe kama shuka la matroni, aruke, halafu nicheke na kusema natania. Huo ndio mpango mzima. Wapo watu wamepoteza ufalme kwa mipango mizuri kuliko huo.

Dada akarudi, akapaka jeli, akapitisha kipimo chini ya mbavu. Skrini ikajaa weupe.

"Mh," akasema.

"Mh nini?" Mjomba akafumbua macho.

"Daktari atakueleza, baba."

Nilifungua mdomo. Nikamwona yule dada anavyoandika kwa makini, nikaona haya kusema mbele yake. Nikajiahidi nitasema tukitoka nje. Alipoenda kwenye printa pembeni, nikarudisha kitufe na plasta kwa unadhifu wa mhalifu mzoefu. Tulipofika nje nikajiahidi nitasema nyumbani.

Nyumbani Anti alipokea karatasi ya majibu tuliyotoka nayo kwa daktari. Daktari alikuwa ameandika kwamba ini lina mafuta mengi, na kwamba chanzo kinaweza kuwa uzito, sukari au pombe. Anti alisoma neno la mwisho peke yake.

"Mwaka na nusu, eh? Hongera."

"Mke wangu, sijaonja."

"Ini lako limeshasema. Wewe nyamaza."

Kesho yake alimfuata dukani. Nilikuwepo, nashona vifungo. Mbele ya wateja wawili akavuta majora ya vitambaa rafuni moja baada ya jingine, akichungulia nyuma yake kama zamani, alipokuwa akikuta chupa. Hakukuta kitu. Hilo likamkasirisha zaidi.

"Siku hizi unajua kuficha. Jumamosi naenda kwa mama yangu na watoto."

Mteja mmoja akadai apewe suruali yake hivyo hivyo, hata kama haijapindwa. Mjomba akamkunjia. Kisha akainama kuokota majora, na bila kuniangalia akaniuliza:

"Mama, wewe ulikuwepo. Lilikuwa jeupe kweli?"

Tulikuwa tumebaki wawili tu. Hata mlango wenyewe ulikuwa umefungwa nusu.

"Lilikuwa jeupe, Mjomba."

"Basi sijui. Labda mwili unaweka hesabu za zamani." Akajifuta uso kwa kipande cha bitana. "Afadhali wewe hujanisema vibaya."

Chakula cha mchana siku hiyo sikukila. Nilisema naumwa kichwa, na Mjomba akaenda mwenyewe kuninunulia dawa.

Ijumaa simu ikapigwa. Mama Giza hupitia picha zote za mpimaji mpya, na alimtaka Mjomba arudi, tena bila kula. Anti akaja naye, "nisikie kwa masikio yangu." Nikaja na mimi, miguu ikinivuta nyuma.

Mama Giza alimlaza, akampima kimya, kisha akageuza skrini tuone. Ini lilikuwa la kijivu.

"Kuna mafuta kidogo sana. Ni ya kukaa kitako kutwa na kunywa soda. Punguza, tembea, ukirudi baada ya miezi mitatu utacheka." Akaonyesha doa jeusi pembeni. "Hiki ni kifuko cha nyongo. Ndani kuna maji, na maji hapa huwa meusi. Kwenye picha za Jumatatu yalikuwa ya kijivu. Mwangaza ulipandishwa." Akamgeukia yule dada. "Nani aligusa mashine yangu?"

"Mimi sikugusa, Mama. Lakini... labda mkono ulipita bila kujua."

"Mikono inayopita bila kujua siitaki kwenye chumba changu."

Dada akaanza kuvua koti lake jeupe, kifungo kimoja kimoja. Anti alikuwa ameketi ghafla kwenye kiti cha wagonjwa, mkono mdomoni.

Mama Giza akanitazama. "Na huyu binti mbona anatetemeka?"

"Mwache mwanangu," Mjomba akasema kutoka kitandani, jeli bado tumboni. "Huyo ndiye shahidi wangu. Siku zote hizi ni yeye tu hakunitukana."

"Mimi namuuliza yeye. Jumatatu uliachwa humu pamoja na nani?"

"Na Mjomba," nikasema. "Alikuwa amefumba macho."

Dada akaacha kifungo chake.

"Nilizungusha mimi. Nilitaka kumtania. Dada hana kosa, na Anti, Mjomba hajanywa." Nikageukia kitandani. "Na Mjomba, pale dukani uliponiuliza, nilikuwa najua."