Mita Chini ya Ntumba

Loth, kibarua wa mamlaka ya maji, alishaanza kuchimba pembeni mwa barabara, na kila sururu yake ilipogonga ardhi, Bibi Gaudiosa aliisikia kifuani.

"Baba, mwambie apumzike kidogo," alimwambia Felisian, kijana msoma mita aliyesimama uani na mkoba begani. "Mita ipo. Haina miguu."

"Bibi, heshima yako nimeiweka. Lakini mwezi uliopita nilimwambia Kornel wako: fukueni mita, isomeke. Akasema sawa."

"Akasema sawa, kisha akashuka ziwani Kasanga kufuata dagaa."

"Ndiyo hivyo. Mita ni mali ya mamlaka, wewe umewekewa uitunze. Ukiifukia, maji yanafungwa kule barabarani, na kuyarudisha ni kuomba upya, kama mtu ambaye hajawahi kuwa nayo. Loth akifika kwenye koki, anafunga. Ukinionyesha mita kabla hajafika, nitaisoma na kuondoka zangu."

Gaudiosa akatupa jicho kwenye dirisha la Silvana, mke wa mwanawe Kornel. Alitoka hospitali jana tu na mapacha, tumbo limeshonwa. Nguo za watoto zilikuwa zimelowekwa kwenye beseni. Bila bomba, maji ni ya kijito, na kijito kiko bondeni, njia yake mteremko mtupu. Miguu ya Gaudiosa ilishagoma kupanda mteremko ule. Angekwenda nani? Silvana huyo huyo. Angevizia mama mkwe asinzie kidogo, ajitwike ndoo na mshono wake. Gaudiosa alimjua.

Ua mzima ulikuwa umejaa ntumba. Ndivyo alivyolima mama yake na ndivyo alivyolima yeye: mvua zikikaribia kwisha unakata udongo pamoja na nyasi zake, unageuza nyasi chini, unalundika tuta la mviringo, unapanda maharage juu. Nyasi zinaoza humo ndani zikingoja ulezi wa msimu ujao. Mwaka huu shamba lilikuwa mbali mno kwa magoti yake, akaona uani kuna nyasi nzuri zinapotea bure. Akalima mpaka kwenye kona ya mpera, na mita ilikuwa karibu na mpera. Sasa mpera wenyewe Kornel alishaung'oa, na ntumba zote zilifanana kama mayai.

Akainua jembe.

"Polepole na hilo jembe," Felisian akasema. "Mita ina lakiri, kile kifungo cha plastiki kinachoonyesha hakuna aliyeichezea. Nikikuta imekatika, hatutaongea tena habari ya kusoma mita. Tutaongea wizi wa maji, na hapo mimi sina la kukusaidia."

Gaudiosa akaliweka jembe chini, akapiga magoti. Alibomoa tuta la kwanza kwa mikono. Nyasi zilizooza, fukuto, basi. La pili likatoa jiwe.

"Felisi," Loth akaita kutoka barabarani, "nimeuona mchanga. Bomba liko hapa chini."

Bibi akabomoa la tatu.

"Wifi, unamchimbia nani kaburi?" Bertilla, dada wa marehemu mumewe, alikuwa ameegemea ua wa jirani.

"Naufukia ulimi wako."

"Mbona unahangaika na haya makavu? Bomoa lile la maringo, ulilotutambia mtaa mzima. Maharage ya watu yamekauka, la kwako bado linachanua kama limeolewa jana."

Gaudiosa akageuka kulitazama. Ilikuwa kweli. Upepo wa baridi ulishakausha maganda yote uani, ila tuta moja lilibaki bichi, nene, na maua juu. Yeye alidhani ni mkono wake. Sasa akajiuliza ni nani anayelinywesha.

Akalitambalia. Akang'oa maharage kwa mafungu. Udongo ukawa unyevu, ukawa tope, kisha vidole vikagusa kifuniko.

"Ipo."

"Loth, subiri," Felisian akasema.

"Nimeshaishika koki."

"Nimesema subiri."

Akachuchumaa, akafuta tope kwa kidole gumba. Gaudiosa hakuitazama mita, aliutazama uso wa kijana.

"Lakiri nzima," alisema Felisian. Kisha akapapasa mbele zaidi, uso ukabadilika. "Bibi. Bomba limepasuka huku, kabla ya mita. Maji haya hayahesabiwi. Mtu akiona bustani imestawi hivi, atasema ulijitegea umwagiliaji."

Gaudiosa akalivuta jembe lake, akaweka ncha yake kwenye ule mpasuko. Ikakaa sawasawa.

"Ni mimi. Nilipokuwa nalundika niligonga kitu, nikadhani ni mzizi wa mpera. Sikuinama kutazama."

"Huo ni uharibifu," Felisian akasema taratibu. "Wizi ni jambo jingine. Matengenezo mtayabeba ninyi. Lakini siwezi kuacha bomba linavuja. Funga, Loth."

Bomba la uani likakohoa, likakauka.

"Mpaka lini, baba?"

"Mpaka fundi apate nafasi. Mafundi wote wako Milanzi wiki hii."

Mlango wa nyumba ukafunguka. Silvana alitoka amejifunga kanga juu ya mshono, ndoo mkononi, akitembea kwa kuburuza miguu. Alikuwa amesikia yote. Aliwaamkia, akashika njia ya bondeni.

"Silvana, rudi," Gaudiosa akasema. Magoti yalikataa kumnyanyua kwenye tope.

Felisian akamtazama Silvana mpaka alipofika kwenye ntumba za mwisho.

"Loth, una kiungo cha bomba hili?"

"Ninacho, ila ni cha kazi ya Milanzi."

"Milanzi watasubiri. Dada, hebu simama hapo."

Loth akaja na msumeno, akakata pale palipopasuka, akaunga, akakaza. Kisha akarudi barabarani. Bomba likatema tope, likatema hewa, ndipo maji yakaja.

"Pembeni ya mita pasilimwe tena," Felisian akasema akisoma namba. "Hizo ntumba nyingine ni zako."

Gaudiosa alishajikongoja hadi kwa Silvana, akampokonya ndoo.

"Kalale," akamwambia, akaenda kuikinga bombani.