Protini Iliyofungiwa Nje

Mtafiti wa seli alimwomba kaka yake kipande cha ngozi huku akitazama pembeni. Kaka, fundi cherehani, alikunja mkono wa shati. "Kata, ila usiniharibie kitambaa." Siku hizo mkasi ulikuwa umeanza kumponyoka. Madaktari walikwisha kuutaja ugonjwa wake: wa neva, na dawa hauna.

Kule maabara, seli zile za ngozi zililelewa kwa miezi hadi zikageuzwa kuwa seli za neva. Dada mtu akazitia rangi, akainamia hadubini. Alijua anachotafuta. Kiini cha seli kimezungukwa na utando, na utando una vitundu vinavyochagua cha kuingiza na cha kutoa. Kuna protini moja ambayo kwa mtu mwenye afya hujaa ndani ya kiini. Yeye aliipa rangi ya kijani. Katika seli za kaka yake kiini kilikuwa cheusi tii, na kijani chote kimerundikana nje, mabonge mabonge.

Akabadilisha sahani ya seli. Yale yale. Akajaribu dawa ambayo wenzake waliitegemea, wapi! Akabaki amekaa, mikono mapajani.

Jumamosi alimkuta kaka kwenye cherehani, wifi yake, mke wa kaka, akimtungia uzi sindanoni.

"Haya, umeona nini?" kaka akauliza.

"Kuna kitu kinatakiwa kiwe ndani ya kiini. Kimetoka, na kurudi hakiwezi."

"Kimefungiwa nje?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi kifungulieni."

"Hatujui namna. Mimi naona tu."

Kaka akacheka kidogo. "Na baba alivyotamba mtaa mzima kwamba binti yake anajua kila kitu." Wifi hakucheka, uzi ulikuwa umemtoka tena.

Kabla mwaka haujageuka, wifi ndiye aliyekuwa akimlisha na kumfunga vifungo. Dada mtu hakukosa kuja. Siku moja kaka, ulimi umeshakuwa mzito, aliuliza kama seli zake bado ziko hai.

"Zipo. Nazilisha mwenyewe."

"Kumbe kuna upande wangu unaokula vizuri."

Dada mtu akamwinulia kikombe. Maji mengi yalimtiririkia kidevuni. Akayafuta, akakiinua tena.