Siku Zilizogoma Kuja

Tangu Jumatatu Generoza hakutulia. Akikaa anainuka, akiinuka anakwenda chooni kujitazama, kisha anarudi akiwa amenuna. Siku zake zilikuwa zimegoma kuja, na Jumapili baada ya ibada kina mama wa kikundi cha Kilosa walikuwa wanamngoja na jibu: pedi ya katani inafaa au haifai?

Balaa hilo alijitafutia mwenyewe. Choo cha shule ya binti yake kilikuwa kimejaa pedi za plastiki, shimo lote halipitiki. Generoza akasimama mbele ya wenzake akajigamba kwamba atatengeneza pedi ya kuoza: katani iliyochemshwa na kutwangwa hadi ikalainika, kitambaa chembamba juu, na chini karatasi iliyopakwa nta ya nyuki. Kuoza ilioza, aliifukia shambani akaona. Lakini kuvaa? Kina mama wakatazamana. "Anza wewe," wakamwambia. Naye, kwa kiherehere chake, akasema anaanza mwezi huohuo. Mtu ana miaka arobaini na saba, anawaahidi watu mwili wake kama vile unapokea amri!

Alikuwepo Brightness, binti yake wa kidato cha pili, ambaye angeweza kuijaribu badala yake. Ila kwao milimani mama hasemi na mwanawe mambo ya mwezini. Hiyo ni kazi ya bibi, na bibi alikuwa Msowero kuuguza ndugu. Generoza akampigia simu, akamsihi azungumze na mjukuu wake.

"Hayo hayasemwi kwenye simu," bibi akajibu, akakata.

Siku hiyo hata maharage yaliungua jikoni.

Ijumaa, kabla ya saa za kutoka shule, Brightness akaingia uani na sweta kiunoni, jua likiwaka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona mapema?"

Mtoto akatazama chini. "Nilikusikia ukiongea na bibi. Asubuhi nikachukua moja kwenye kapu lako."

Generoza akamsogelea. "Ikawaje?"

"Nta imelainika ikaachia, mama. Nakaa dirishani, jua lote langu. Imevuja pembeni. Darasa zima limecheka."

Kwanza alifurahi. Amepata jibu! Halafu akamwona mwanawe anavyoling'ang'ania lile sweta, na furaha hiyo ikamtia aibu asijue aiweke wapi. Mila ilimtaka anyamaze, bibi aje. Akamshika mtoto mkono, akamwingiza ndani, akamchotea maji.

"Nionyeshe ilipovujia," akamwambia.

Wakaifumua pamoja, wakinong'ona kama wezi.

Jumapili Generoza akasimama mbele ya kina mama. "Bado haifai," akasema. "Nta haihimili joto. Tutafute kingine cha kupaka."

"Umejuaje?" mmoja akadakia. "Nani kachafuka?"

"Mimi. Kwenye benchi, watu wamejaa."

Wakacheka hadi wakafutana machozi, na Generoza akawaacha wacheke.